Kompyuta Inapogoma Baada ya Kusasishwa

Jana usiku ilifanya kazi vizuri. Leo asubuhi, baada ya kusasishwa, skrini ni nyeusi na maandishi meupe: "Kernel panic". Mwenye nayo hudhani diski imekufa na mafaili yake yote yamepotea. Mara nyingi sivyo.

Kerneli ndiyo kiini cha Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kiini hicho ndicho kinachounganisha programu na diski, kumbukumbu na kibodi.

Kwa bahati nzuri, Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, haifuti kerneli ya zamani papo hapo. Fundi huwasha kompyuta, hubonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, itokee, kisha huchagua toleo la awali. Ikiwaka, lawama inaihamia kerneli mpya.

Hapo huandika df -h /boot, kuangalia nafasi katika sehemu ya diski inayohifadhi kerneli. Ikisomeka 100%, sehemu hiyo imejaa, na huenda initramfs, faili lenye viendeshi vya kuifikia diski, halikuandikwa lote. Huondoa kerneli zilizopitwa na wakati kwa sudo apt autoremove, kisha humalizia usakinishaji uliokatika kwa sudo dpkg --configure -a, na kuiwasha kompyuta upya.