Prosesa ya zamani ya seva au mpya ya kompyuta ya mezani: Ipi itakufaa?

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huenda ukakutana na mashine inayosifiwa kwa maneno mazito: "Hii ni seva, ina viini kumi na vinne." Pembeni yake kuna kompyuta ya mezani ya kawaida, sanduku dogo lenye viini sita tu, na pengine bei yake iko juu zaidi. Mteja mwenye akiba ya miezi kadhaa mfukoni ana haki ya kujiuliza: kwa nini nilipe zaidi nipewe pungufu?

Jibu ni kwamba idadi ya viini peke yake haisemi kompyuta ina kasi gani. Inategemea kila kiini kinafanya kazi kwa wepesi gani, na zaidi ya yote inategemea kazi unayotaka kuifanya. Ili jambo hili lieleweke, tuchukue prosesa mbili halisi za kampuni ya Intel ya Marekani.

Ya kwanza ni Xeon E5-2680 v4, iliyotoka mwaka 2016 kwa ajili ya seva. Ya pili ni Core i5-12400, iliyotoka Januari 2022 kwa ajili ya kompyuta za mezani. Hii ya pili si ya kifahari wala si mpya kabisa sokoni. Ni ya daraja la kati, na ndiyo maana inafaa kwa ulinganisho huu.

Takwimu zinasema nini?

Prosesa, wengine huiita bongo kuu ya kompyuta, ndiyo inayofanya mahesabu yote. Ndani yake kuna viini, ambavyo mafundi wengi huviita kori, na kila kiini kinaweza kushughulikia kazi yake peke yake.

Xeon E5-2680 v4 ina viini 14. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.4, na kiini kinaweza kupanda hadi gigahezi 3.3 pale kazi inapohitaji. Kipimo hiki ni ndugu wa zile megahezi unazozisikia redio inapotaja masafa yake: kinaeleza mapigo ni mangapi kwa sekunde moja. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde.

Core i5-12400 ina viini 6. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.5, lakini inaweza kupanda hadi 4.4.

Bei zake zilipotoka zinashangaza zaidi. Bei elekezi ya Xeon ilikuwa dola 1,745, na ya Core i5 ilikuwa takriban dola 192. Leo ile iliyokuwa ya dola 1,745 huuzwa kama mtumba kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake ya awali.

Kwa nini seva huishia sokoni?

Haina maana kwamba zimeharibika. Kampuni zenye vituo vikubwa vya data hupanga umri wa seva zake. Google, kwa mfano, mwaka 2023 ilirefusha makadirio ya umri huo kutoka miaka minne hadi sita. Umri ukifika, mashine mpya huingia kwa sababu hufanya kazi nyingi zaidi kwa umeme uleule na katika nafasi ileile. Za zamani huondolewa, na baadhi yake husambaa katika masoko ya dunia.

Hivyo basi, anayenunua prosesa kama hii ananunua kifaa kilichotengenezwa kwa uimara mkubwa, lakini ambacho mwenye nacho wa kwanza aliona hakimlipi tena. Ni vyema mnunuzi naye akajua sababu hiyo.

Mafundi cherehani kumi na wanne

Fikiria una kazi ya ushonaji. Fundi wa kwanza ana duka lenye washonaji 14 wa kasi ya wastani. Wa pili ana washonaji 6, lakini kila mmoja hushona mara mbili ya kasi ya wale wa kwanza.

Ukipeleka oda ya sare 200 za shule, duka la washonaji 14 litakwenda vizuri, maana kila mmoja atapewa fungu lake. Ukipeleka gauni moja la harusi, mambo hubadilika. Gauni halikai kwenye cherehani 14 kwa wakati mmoja. Atashona mmoja na 13 watakaa wakimtazama, na hapo mshonaji mwepesi ndiye anayekutoa.

Kompyuta hufanya hivyohivyo. Kufungua programu, kuandika barua, kuvinjari mtandao, kukokotoa jedwali la hesabu na michezo mingi ya kompyuta ni kazi zinazofanana na lile gauni: sehemu kubwa hupita kwenye kiini kimoja au viini vichache. Kutengeneza picha za katuni za pande tatu, au kuendesha mashine pepe nyingi ndani ya kompyuta moja, kunafanana na zile sare.

Je, kiini kipya kina kasi mara mbili kweli?

Kwa makadirio, ndiyo. Kwanza kuna mapigo: 4.4 dhidi ya 3.3 ni nyongeza ya theluthi moja. Pili, kiini kipya hufanya kazi kubwa zaidi katika kila pigo. Intel ilisema muundo wa viini iliouzindua mwaka 2019 ulifanya kazi zaidi kwa wastani wa asilimia 18 katika kila pigo ukilinganishwa na uliotangulia. Mwaka 2021 ilitangaza nyongeza nyingine ya wastani wa asilimia 19, katika muundo ambao ndio unaotumika ndani ya Core i5-12400. Ukizidisha nyongeza hizo na ile ya mapigo, unakaribia mara mbili.

Hesabu inayoamua

Mwaka 1967, mhandisi wa kompyuta Mmarekani Gene Amdahl alieleza jambo ambalo leo hujulikana kama kanuni ya Amdahl: sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka kikomo cha faida ya kuongeza viini.

Tuchukue kazi ambayo kiini kimoja cha Xeon kingeimaliza kwa dakika 100, na tuseme kiini kimoja cha Core i5 ni chepesi mara mbili.

Ikiwa nusu ya kazi hiyo haigawanyiki, Xeon yenye viini 14 itaimaliza kwa dakika 54 hivi. Core i5 yenye viini 6 itaimaliza kwa dakika 29.

Ikiwa asilimia 95 ya kazi inagawanyika, Xeon itachukua dakika 12 hivi na Core i5 dakika 10. Tofauti imekuwa ndogo, lakini mshindi ni yuleyule.

Ikiwa kazi yote inagawanyika bila kubaki hata chembe, Xeon itachukua dakika 7 na Core i5 dakika 8. Hapo ndipo viini 14 vinashinda, na kwa kiasi kidogo tu.

Hii ni hesabu ya mfano. Programu moja hutofautiana na nyingine, na mashine nzima ina mambo mengine yanayoweza kuichelewesha. Hata hivyo inaonyesha kwa nini mtu anaweza kununua viini 14, akarudi nyumbani, na kukuta mashine inasuasua kwenye kazi zake za kila siku.

Pale ambapo Xeon haina mpinzani

Si haki kuidharau prosesa ya seva. Kuna mambo ambayo Core i5 haiwezi kuyafikia.

La kwanza ni kumbukumbu ya RAM. Xeon hii inaweza kuhudumia zaidi ya gigabaiti 1,500. Core i5-12400 iliwekewa kikomo cha gigabaiti 128. Kwa anayehifadhi taarifa nyingi kwenye kumbukumbu au kuendesha mashine pepe kadhaa, tofauti hiyo ni kubwa mno.

La pili ni RAM yenye uwezo wa kutambua na kusahihisha makosa madogo ya data, ambayo Xeon huitumia. Mahali panapotunzwa hesabu za watu au rekodi za wagonjwa, uwezo huo si anasa.

La tatu ni njia za kuunganishia vifaa. Xeon ina njia 40 za mfumo wa PCIe, na Core i5 ina 20. Anayetaka kuweka kadi kadhaa za michoro au diski nyingi zenye kasi atapata nafasi zaidi kwenye Xeon, ingawa njia za Core i5 ni za kizazi kipya na zina kasi kubwa zaidi kila moja.

Gharama ambazo hazimo kwenye bei

Hapa ndipo wengi hunaswa.

Xeon haina sehemu ya michoro ndani yake. Bila kadi ya michoro, skrini haitaonyesha kitu. Kadi hiyo ni pesa ya ziada na inakula umeme. Core i5-12400 inayo sehemu hiyo, na inasaidia hata katika kuhariri na kutazama video. Lakini angalia herufi ya mwisho: ukiona i5-12400F, hiyo nayo haina.

RAM nazo si za kubadilishana ovyo. RAM nyingi za seva za DDR4 zinaweza kuingia kwenye tundu la kompyuta ya mezani ya DDR4, lakini mashine haitawaka. Aliyenunua RAM za seva kwa bei nafuu akidhani atazihamishia kwenye kompyuta yake ya mezani amepoteza pesa.

Kisha kuna umeme. Xeon imekadiriwa kwa wati 120. Core i5 imekadiriwa kwa wati 65, ingawa ikikimbia kwa nguvu zote inaweza kufika wati 117. Tofauti kubwa huonekana pale mashine inapokaa bila kazi nzito, maana ubao mama wa seva na kadi ya michoro huendelea kula umeme. Tuseme mashine nzima imezidi mwenzake kwa wati 60, ikiwaka saa 10 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni uniti 18 za ziada. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipia kwenye LUKU au tokeni zako, kisha zidisha kwa miezi unayotarajia kukaa na mashine. Kwa shule yenye chumba cha kompyuta 20, hizo ni uniti 360 kila mwezi.

Usalama na programu

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ina orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Microsoft, na Xeon E5-2680 v4 haimo. Core i5-12400 imo. Zipo njia za kuilazimisha, lakini ofisi au shule isiyo na fundi wa karibu haifai kutegemea njia hizo. Anayetumia Linux hana tatizo hili.

Vilevile, Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu wa kiusalama ulioitwa Meltdown, uliohusu prosesa nyingi za Intel za wakati huo, Xeon hii ikiwemo. Ulizibwa kwa marekebisho ya programu, ambayo yalipunguza kasi katika baadhi ya kazi. Kwenye Core i5-12400, udhaifu huo umezibwa ndani ya prosesa yenyewe.

Kabla hujatoa pesa

Kwa kazi za ofisi, masomo, kujifunza kuandika programu, michezo au kuhariri video za kawaida, prosesa ndogo mpya ndiyo itakayokufaa. Kwa anayeendesha mashine pepe nyingi, anayehitaji RAM nyingi kwa bei nafuu, au anayeiachia mashine kazi ndefu zinazogawanyika vizuri, seva ya zamani bado inamlipa, mradi amepiga hesabu ya umeme.

Muuzaji akikutajia idadi ya viini, muulize jina kamili la prosesa pamoja na herufi zake zote, mwaka iliotoka, aina ya RAM iliyomo, na kama kadi ya michoro imo kwenye bei. Kisha, ikiwezekana, nenda na kazi yako mwenyewe kwenye flashi: video unayoihariri au jedwali lako kubwa la hesabu. Ifungue kwenye mashine zote mbili hapo hapo dukani, na utazame saa.