Bledi ya Msumeno wa Duara: Jinsi ya Kuichagua na Kuitunza

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, seremala katika makazi ya Nakivale, upande wa Base Camp. Siku moja bledi ya msumeno wake ilikuwa butu, naye alikuwa amekwenda Mbarara kununua misumari. Kijana mmoja jirani akaja na shauri: tuchukue bledi nyingine ya mbao, tuifunge kwenye grainda, ile mashine ndogo ya kusagia chuma, na kazi iendelee. Tukafunga, tukawasha. Ubao haujafika nusu, jino moja likang'oka, likapita karibu na sikio langu na kukita katika mlango. Jino hilo lipo mlangoni hata leo. Mjomba amekataza lisitolewe, ili kila ajaye kujifunza kazi kwake alione kwanza kabla ya kushika chombo chochote.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo nadhani yatawafaa wenzangu, kwa kuwa wengi wetu tutakapomaliza masomo tutajenga nyumba, tutatengeneza madawati, au tutawaajiri watu wa kutufanyia kazi hizo. Nakivale ilianza kuwa makazi ya wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wenyeji Wanyankole hawajaacha kuhitaji milango, vitanda na mapaa. Pahali penye ujenzi mwingi hivyo, bledi mbaya ni hasara ya wengi.

Yafaa kwanza tujue bledi ni kitu gani. Ni sahani ya chuma yenye tundu katikati na meno ukingoni. Si jambo geni: mwaka 1777 Mwingereza mmoja aitwaye Samuel Miller alipata hati ya serikali kwa mashine iliyotumia msumeno wa namna hii. Zamani meno yote yalikuwa ya feleji ileile ya sahani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuuza madini magumu sana ya kabaidi, ikayaita Widia, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Siku hizi bledi nyingi madukani zina vipande vidogo vya kabaidi vilivyounganishwa kwa moto kwenye ncha za meno. Ukitazama vizuri utaona kuwa kila kipande ni kipana kidogo kuliko sahani yenyewe. Ni lazima iwe hivyo, maana njia inayokatwa ikiwa nyembamba kama sahani, bledi itabanwa na ubao.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni kuuliza: je, nitapasua au nitakata? Ubao umefanywa kwa nyuzi zilizolala kwa urefu wa mti. Mtu anayepasua hufuata nyuzi hizo, na meno yake hutoa vipande virefu. Basi hutaka meno machache yenye mabonde makubwa katikati yake, ili vipande vipate nafasi ya kutoka. Anayekata kwa kukingama huzikata nyuzi zenyewe, na meno machache yatazirarua na kuacha ukingo wenye manyoya. Huyu hutaka meno mengi yaliyochongwa ubavuni, moja kushoto na moja kulia. Kwa bledi ya sentimita 25, meno 24 yafaa kupasua, meno 40 yafaa kazi za mchanganyiko, na meno 60 au 80 yafaa kukata safi. Fundi asiye na fedha za bledi mbili na anunue ya meno 40, lakini ajue kuwa atapasua polepole.

Jambo la pili ni tundu. Lazima lilingane sawasawa na mhimili wa mashine. Nimeona watu wakijaza karatasi au kitambaa tundu likiwa kubwa, au wakilipanua kwa tupa likiwa dogo. Bledi ya namna hiyo haizunguki katikati yake. Hutikisika, hupanua njia, na huharibu mashine. Ziko pete za chuma zilizotengenezwa kwa kupunguza tundu, na pete hizo ndizo zitumiwe.

Jambo la tatu ndilo lililotaka kunigharimu sikio. Kila bledi njema imeandikwa idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo haifai kupitwa. Wapenzi wa hesabu watazame hapa. Bledi ya kipenyo cha sentimita 25 ina mzingo wa sentimita 78 na nusu. Mota yenye mizunguko 2,900 kwa dakika huyakimbiza meno yake karibu mita 38 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 136 kwa saa. Hiyo ni mashine ya kawaida ya meza. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na misumeno mingi ya mkononi huzunguka kiasi cha nusu ya hapo. Mwalimu wa fizikia ametufundisha kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukitupa kitu nje huongezeka mara nne. Kwa hiyo jino lililounganishwa kuvumilia msumeno haliwezi kuvumilia grainda. Tena kifuniko cha grainda hakikutengenezwa kwa meno, na mashine ikirukia nyuma mkono hauwezi kuizuia. Bledi isiyoandikwa idadi yoyote usiinunue, hata ikiwa rahisi namna gani. Ile yetu haikuwa na maandishi.

Mti wenyewe pia una maneno yake. Mvule ni mbao nzuri isiyoliwa upesi na mchwa, lakini mara nyingine ndani yake mna mawe madogo ya chokaa yanayovunja makali, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Basi ufunge kitambaa puani. Mkaratusi, ambao ni mwingi sana katika Ankole, una nguvu zilizofungwa ndani. Ukiupasua, pande mbili huweza kujikunja na kuibana bledi, kwa hiyo weka kabari nyuma ya njia kadiri unavyoendelea. Msonobari, kama ule uliopandwa katika msitu wa Rwoho kusini mwa Mbarara, ni laini, lakini utomvu wake hunata katika meno. Mbao za masanduku ya zamani ni lazima zikaguliwe misumari, maana msumari mmoja huweza kumaliza bledi mpya kwa dakika moja.

Ama kuhusu utunzaji, jifunze dalili za ubutu. Ubao ukitoka mweusi ukingoni, ukinusa moshi, mota ikilalamika, na badala ya vipande ukaona unga mtupu, simama. Usisukume kwa nguvu. Bledi butu hunywa petroli ya jenereta na huweza kuunguza mota, na mota ni ghali kuliko bledi nyingi.

Mara nyingi bledi idhaniwayo kuwa butu ni chafu tu. Chomoa waya wa umeme, itoe, iloweke katika maji ya moto yenye sabuni, kisha isugue kwa brashi. Utomvu mkaidi hutoka kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Usitumie sodakostiki, kwa sababu hudhoofisha meno ya kabaidi. Kausha vizuri, paka mafuta kidogo, uitundike ukutani. Isilazwe juu ya udongo, wala isirundikwe pamoja na nyundo na patasi.

Bledi ya feleji tupu hunolewa kwa tupa. Kila jino lipewe idadi ileile ya mikwaruzo, ili yote yabaki kimo kimoja, kwani jino refu ndilo litakalofanya kazi ya wenzake. Mabonde yaachwe mviringo, maana penye pembe kali ndipo ufa huanzia. Kisha ncha za meno zipindwe kidogo kwa zamu, kushoto na kulia. Kabaidi haikubali tupa; hunolewa kwa jiwe la almasi tu, kwa hiyo ipelekwe kwa mwenye mashine hiyo.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa bledi hauzibwi. Ukiuona, hata mdogo kama unywele, au ukiona jino limepungua, bledi hiyo haina kazi tena. Usimpe mtu mwingine wala usiiuze. Ikunje au iponde, isije ikarudi mashineni kwa mkono wa asiyejua.

Mjomba aliporudi jioni ile hakutupiga wala hakupaza sauti. Alizima jenereta, akaniuliza, "Mpwa wangu, una masikio mangapi?" Nikajibu, "Mawili, mjomba." Akasema, "Basi kesho utumie yote mawili nikikufundisha." Hayo niliyoyaandika hapa ndiyo aliyonifundisha kesho yake, nami nawapeni ninyi bila ya mlango wenye jino.