Ziwa Ndani ya Laptopu

Saa nane mchana, Lodwar. Jua limewafukuza watu barabarani, hata boda zimejibanza chini ya mwarobaini. Ndani ya chumba cha mabati, kijana anaendesha trela kutoka Calais kwenda Düsseldorf. Mvua inapiga kioo cha mbele. Anabonyeza kitufe, wipa zinaanza kufagia. Laptopu yake ni ya mtumba. Ameiinua kwa vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini, na feni inanguruma kuliko injini ya lori lenyewe. Baada ya muda picha zinaanza kukwama. Anasubiri, anaipepea kwa daftari. Mashine ikipoa, safari inaendelea.

Nafundisha kompyuta, na swali ninaloletewa na wazazi mara nyingi ni hili: mwalimu, huyu mtoto anaendesha lori la uongo, hana mshahara, hata turnboy hana, anapata nini? Swali ni zuri kuliko wenyewe wanavyodhani.

Gemu anayocheza inaitwa Euro Truck Simulator 2. Ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki, na bado inapendwa kwa sababu haidai mashine ya bei kali. Ni moja ya gemu za uigaji, simyuleta kama vijana wanavyoziita. Ndani yake hakuna adui wa kupigwa risasi. Kuna mzigo, mafuta yanayopungua, dereva anayechoka na kulazimika kulala, faini ya mwendo kasi na mkopo wa benki. Ukiilinganisha na gemu za mpira na vita inaonekana kazi tupu. Na bado kazi hiyo ndiyo watu wanayoinunua. Farming Simulator 22, gemu ya kulima na kufuga ya kampuni ya Giants ya Uswisi, iliuza nakala milioni 1.5 katika wiki ya kwanza tu mwezi Novemba 2021.

Sasa tuifungue mashine tuone ndani. Chukua daftari la mwenye duka. Ukurasa una safu: sukari iliyobaki, madeni, pesa kwenye droo. Jioni mwenye duka anasoma ukurasa, anatumia kanuni anazozijua (nimeuza pakiti tano, zimebaki saba), anafungua ukurasa mpya na kuandika hali mpya. Simyuleta ni daftari la namna hiyo, ila kurasa zinafunuliwa makumi ya mara kwa sekunde. Kasi ya lori, uzito wa mzigo, mteremko wa barabara, uchovu wa dereva, zote ni safu. Kompyuta inasoma hali, inatumia kanuni, inaandika hali mpya, inarudia. Picha nzuri za mvua na taa ni rangi iliyopakwa juu ya daftari. Ukitaka kuijua gemu, tafuta kanuni zake.

Kurasa hizo ndizo zinazoichemsha laptopu. Prosesa ikifika joto fulani hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo picha zinapokwama. Feni haitengenezi baridi. Inasukuma tu hewa iliyopo, na hewa ya Lodwar mchana ina nyuzi 35 au zaidi kabla hata haijagusa mashine. Ongeza vumbi linaloziba matundu. Msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alilielewa jambo hili alipochora jengo la Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kampasi ya vijana wanaojifunza kazi za kompyuta. Alitazama vichuguu vya mchwa, akasimamisha minara mirefu inayotoa hewa ya moto juu huku hewa safi ikiingia chini. Vifuniko vya soda ni wazo hilohilo, bajeti ndogo.

Turudi barabarani. Ramani ya gemu hii imefinywa kwa uwiano wa 1 kwa 19. Barabara ya kilomita 19 Ulaya inakuwa moja kwenye skrini. Kwa kipimo hicho, safari ya Kitale hadi Lodwar, karibu kilomita 300, ingekuwa kama kilomita 16. Ungefika kabla ya kumaliza chai. Lakini kufinya umbali si tatizo kubwa. Kubwa ni kwamba gemu haina laga, mto mkavu unaojaa ghafla. Dereva yeyote wa njia ya Kitale, Lodwar, Kakuma hadi Lokichoggio anajua kwamba unaweza kukuta maji yamekata barabara huku anga la juu yako halina hata wingu, kwa kuwa mvua imenyesha milimani, mbali, jana. Unazima injini, unateremka, unakaa. Pengine unalala. Waliotunga gemu hawakuacha laga kwa ubaya. Hawajawahi kusubiri kwenye moja.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo mapema: gemu ya uigaji ni maoni ya mtu kuhusu jinsi dunia inavyokwenda, yaliyoandikwa kama hesabu. Mchezaji hajui kama amefundishwa. Anajua tu kwamba kodi ikipanda watu wanahama mji.

Mfano huo wa kodi nimeutoa kwenye SimCity. Mmarekani Will Wright alikuwa ametengeneza gemu ya helikopta inayolipua visiwa, Raid on Bungeling Bay, mwaka 1984, akagundua kwamba yeye mwenyewe alifurahia kuvijenga visiwa kuliko kuvilipua. Akaachana na mabomu. Mwaka 1989 SimCity ikatoka: mchezaji anapewa ardhi tupu, anajenga nyumba, viwanda, barabara, anatoza kodi, anangoja kuona watakuja au watahama. Kanuni hazikutoka hewani. Wright alikuwa amesoma kazi za Jay Forrester, mhandisi wa MIT aliyechapisha mwaka 1969 kitabu cha kuigiza miji kwa kompyuta. Mfano wa Forrester ulidai kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhoofisha mji. Wataalamu wa miji walimjia juu. Nao walikuwa na haki ya kumuuliza: hilo kompyuta imeligundua, au wewe ndiye uliyeliweka humo?

Pamoja na hayo, chombo alichotuachia Forrester ni kizuri, na sisi wa Turkana tunaweza kukielewa upesi kuliko wengi, maana tunacho mlangoni. Alisema karibu kila kitu kinachobadilika ni kama pipa: kuna kilichomo, kuna kinachoingia, kuna kinachotoka. Ziwa Turkana ni pipa la namna hiyo, tena pipa lisilo na bomba la kutolea. Hakuna mto unaotoka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016. Yanayotoka huondoka kwa mvuke, zaidi ya mita 2 za kina kwa mwaka. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuiandika gemu hiyo kwa mistari mitatu. Ugumu ni pale unapowaweka watu na samaki ndani.

Mwanafunzi mmoja wa Forrester pale MIT, Dennis Meadows, ambaye mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waandishi wa The Limits to Growth, alikuja kutunga gemu iitwayo Fishbanks. Wachezaji wanagawanywa makampuni ya uvuvi. Kila mwaka wa gemu wanaamua: tununue meli? tuipeleke bahari kuu, pwani, au tuiache bandarini? Kompyuta inahesabu samaki waliozaliwa, waliovuliwa, pesa iliyoingia. Nimeichezesha. Mtego wake uko hapa: samaki wakianza kupungua, meli bado zinarudi zimejaa, kwa kuwa nyavu huwafuata samaki pale walipobaki. Kwa miaka kadhaa ya gemu, faida inapanda huku samaki wakiisha. Kila kikundi kinajiona hodari. Kisha mwaka mmoja meli zinarudi na maji matupu, na mkopo uko palepale. Hutokea karibu kila mara, hata kwa watu wazima wenye shahada, na kelele zinazofuata chumbani si za mchezo.

Longech haihitaji kuambiwa. Ni ulimi wa mchanga karibu na Kalokol, kilomita kama 60 kutoka Lodwar, wenye maji ya ziwa upande mmoja na Ghuba ya Ferguson upande mwingine. Ghuba hiyo yenye kina kifupi ndiko ngege walikozaliana kwa wingi. Katika miaka ya 1970 mavuno yalikuwa makubwa, na Norway ikaona hesabu nzuri: samaki wapo, watu wana njaa na mifugo inakufa kwa ukame, basi tuwajengee kiwanda cha kugandisha minofu. Kiwanda kikasimama Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi mno. Kuitoa minofu kwenye joto hili hadi kwenye barafu kulikula umeme kuliko bei ya samaki ilivyoweza kulipa, na katikati ya muongo huohuo ghuba ikakauka. Jengo likabaki, wavuvi wakaendelea kupasua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika juani bila bili.

Tukio hilo husimuliwa kama kichekesho cha wafadhili. Mimi naliona kama daftari lenye ukurasa mmoja. Wataalamu waliandika hali ya ziwa la mwaka fulani, wakasahau kufunua kurasa zinazofuata. Pipa walilichora limejaa, na mshale wa kutoka hawakuuchora. Siku hizi shida imegeuka: tangu mwaka 2020 hivi ziwa limepanda, likazihamisha familia zilizokuwa ufukweni. Pipa ni lilelile.

Kuna swali lingine ambalo kompyuta haiulizi: mchezaji ameketi wapi? Mwaka 2005 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitoa gemu ya bure ya kompyuta, Food Force. Kisiwa cha kubuni kiitwacho Sheylan, katika Bahari ya Hindi, kina njaa. Wewe unarusha helikopta, unapanga mlo, unadondosha magunia kutoka angani. Kwa watoto ilikuwa gemu nzuri. Ila ukiicheza ukiwa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako chakula cha shirika hilohilo kimepimwa vikombe kwa vikombe na baadaye kikageuzwa pesa ya simu ya Bamba Chakula, unagundua kitu: mtu wa kwenye foleni hayupo upande wa kibodi. Yeye ni safu kwenye daftari.

Lual Mayen aligeuza kiti. Ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu apate dola 300 za kumnunulia laptopu, naye akawa anatembea saa tatu kwenda mahali pa kuichajia. Akajifunza kutunga gemu, akatunga Salaam, ambamo wewe ndiwe unayekimbia vita, na maji na chakula vyako vinapungua. Mwaka 2018, akiwa Marekani, alitunukiwa katika tuzo za The Game Awards. Wazazi wanaoniuliza kuhusu lori la uongo mimi huwasimulia hiyo laptopu ya dola 300, ingawa nawaongezea kwamba wengi wanaocheza hawatatunga hata moja, na hilo si kosa. Wengi wanaosoma magazeti hawaandiki.

Muhula uliopita niliwapa vijana zoezi: tuandike Longech wenyewe, kwenye lahajedwali tu, bila picha wala mvua. Safu tatu: samaki, mashua, pesa. Kila mstari mwaka mmoja. Mfano wangu ulikwenda kama Fishbanks, ukaanguka mwaka wa tisa, nami nikajiandaa kueleza kwa nini. Kijana anayetoka hukohuko ufukweni akainua mkono.

“Mwalimu, mbuzi wako wapi?”

Nikadhani anatania. Hata Waswisi wa Giants, pamoja na matrekta yao yote, mbuzi waliwaingiza mwaka 2024 tu, katika Farming Simulator 25, nao wanakaa ndani ya ua. Lakini hakuwa anatania. Kwao, alisema, samaki wakipungua mtu hanunui mashua ya pili kama kwenye jedwali langu. Anampeleka kijana mmoja kwa mjomba aliye na mifugo, anangoja. Na pesa ya samaki wakiwa wengi haikai kwenye safu ya pesa, inanunua mbuzi.

Tukaongeza safu. Mashua zikawa zinapungua mapema, na samaki wakapata nafasi ya kuzaana. Darasa likashangilia, wakaona tumelitibu ziwa. Kijana yuleyule akasogea mbele, akashika kibodi, akaandika ukame kwenye mwaka wa saba. Mbuzi wakashuka hadi karibu na sifuri. Waliokuwa wamekwenda malishoni wakarudi wote ufukweni kwa mstari mmoja, mwaka uleule ambao ghuba nayo ilikuwa imepungua.

Hakuna aliyesema kitu. Akahifadhi faili kwenye fleshi, akaipa jina la babu yake, akaondoka kuwahi gari la Kalokol.