Vyumba Vinne vya Lodwar

Wenzangu wa barazani Mombasa waliposikia kwamba nataka kununua nyumba ya kupangisha Lodwar, walicheka hata kahawa ikawapalia. "Huko mkoloni alikuwa akifungia watu, wewe waenda kwa nauli yako?" Kweli, Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959 mpaka 1961, na jua lile halijapoa. Lakini, msomaji mpenzi, fungu langu la mirathi halipati hata chumba kimoja cha Kizingo, na mkopo wa riba siutaki.

Nikafunga safari. Dalali akanipeleka kwanza Kakuma, zaidi ya kilomita 100 mbele ya Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo 1992, na mji ukakua ubavuni mwake. Ndani ya kambi mkimbizi hufungua duka, ila ardhi si yake. Nje, wapangaji wengi ni watumishi wa mashirika. Nikaona vyumba vizuri vimetiwa kufuli: msaada wa Marekani ulipokatwa 2025, watumishi wengi waliachishwa kazi wakarudi kwao. Kodi ya namna hii, nikasema moyoni, ni kama mvua ya huku.

Tukarudi Lodwar. Mji huu ni makao makuu ya kaunti tangu 2013, na walimu, wauguzi na makarani wote wataka pa kulala. Nikaonyeshwa vyumba vinne vya mawe, tangi la maji uani, mwarobaini mlangoni, na wapangaji wamo. Bei naiweza. Nikauliza hati. Dalali akatoa barua ya mgao, imekunjwa hata imechanika.

Hapo nikasita. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na isiyosajiliwa kwa sheria ya 2016 serikali ya kaunti huishika kwa amana tu. Na sisi watu wa pwani twalijua jambo hili kwa uchungu. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu apeleke dai lake. Shamba lisilodaiwa likawa mali ya Serikali ya Kiingereza. Babu yangu hakudai, maana hakuna aliyemwambia. Mpaka leo Mombasa utamkuta mtu nyumba ni yake, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi aliyozaliwa juu yake.

Chini ya mwarobaini aliketi mzee juu ya kigoda chake cha mti. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mzee wangu, hapa palikuwa pa nani?"

"Mbuzi zangu walilala hapa," akasema. "Aliyejenga hakuniuliza. Wewe Mswahili ndiwe wa kwanza."

Nikamwambia dalali sitoi hata senti mpaka muuzaji akae na mzee huyu na majirani, kisha sote twende ofisi ya ardhi. "Mzee, hapa kila mtu hununua hivi hivi," akanung'unika. Nikarudi na pesa zangu, barazani wakacheka tena.

Juzi kanipigia simu. Muuzaji amekubali kikao, ila wazee watataka mbuzi. Nimemwambia anunue wawili.