Mwanafunzi wa Udaktari na Safari ya Kujifunza Macho

Huenda mwanao anasomea udaktari na amekuambia anataka kwenda India kwa majuma machache kujifunza magonjwa ya macho. Usidhani ni matembezi.

Tuchukue hospitali ya macho ya Aravind, mjini Madurai, iliyoanzishwa na Daktari Govindappa Venkataswamy mwaka wa 1976 ikiwa na vitanda 11. Huko daktari hupasua akiwa na meza mbili. Akimaliza kumtoa mgonjwa mmoja mtoto wa jicho, mwingine amekwisha tayarishwa kwenye meza ya pili. Pesa za wanaolipa husaidia kuwatibu wasio na uwezo.

Lakini mwanafunzi hatashika kisu. Hata akipewa, akatae. Kazi yake ni kutazama, kuuliza, na kumulika macho ya wagonjwa kwa ofthalmoskopu mpaka azoee. Faida iko hapo. Siku moja, akiwa daktari huku nyumbani, mama atamletea mtoto mwenye homa tu. Akimulika na kuona mboni moja inang'aa nyeupe badala ya nyekundu, atashuku retinoblastoma, saratani ya jicho inayoua watoto ingawa hutibika ikigunduliwa mapema. Asiyezoea kumulika hataiona.

Kabla ya kukata tiketi, awe na barua ya hospitali ya kumkubali, barua ya chuo, viza inayofaa na hesabu ya ada na malazi. Gharama ikiwashinda, aulize Hospitali ya Kikuyu, yenye kitengo kikubwa cha macho.