Ni Nani Alindaye Njia za Anga?

Mtu wa Bunia aendaye Kinshasa hana njia nyingi. Barabara ni ndefu, na katika sehemu nyingi za Ituri watu wenye silaha wameifanya kuwa ya hatari. Basi mgonjwa, mwanafunzi, mfanyabiashara na padre, wote huuelekea uwanja wa ndege. Hapo mizigo yao hupimwa, na wengi hunung'unika: "Ni kilo tano tu zimezidi, mbona mwatutesa?" Leo twataka kulijibu swali hilo.

Tarehe 7 Desemba 1944, mjini Chicago, mataifa yalipatana kwamba kila dola iwajibike kwa uzima wa ndege zake na kwa vyeti vya marubani wake. Kwetu Kongo kazi hiyo ni ya Autorité de l'Aviation Civile, chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 2010. Tusiichanganye na Régie des Voies Aériennes, ambayo hutunza viwanja na kuziongoza ndege angani. Mamlaka hii haiuzi tiketi, yenyewe hukagua. Je, cheti cha rubani kingali halali? Injini imetengenezwa kwa wakati wake? Kampuni yastahili kuchukua watu? Isiyostahili yapaswa kunyimwa ruhusa.

Na kilo tano? Uwanja wa Bunia u juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,200. Huku hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Rubani hupiga hesabu kwa kilo zilizoandikwa. Abiria arobaini wakificha kilo tano kila mmoja, hizo ni kilo 200 asizozijua.

Nchi yetu imekwisha kulipa sana. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, ndege ya mizigo iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuinuka, ikaingia sokoni, ikaua watu mamia. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyakataza makampuni yenye vyeti vya Kongo kuruka katika anga lake, kwa kuwa haukuridhika na ukaguzi wetu.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Lakini ajali nyingi zina kinga, nayo ni uaminifu. Amri ya tano, "Usiue," haimhusu mwenye panga peke yake. Mkaguzi apokeaye bahasha ili afumbe macho, nasi tumpao, twaweza kuua bila kushika silaha. Huenda ni maskini mwenye watoto. Lakini ndani ya ndege pia mna watoto.

Basi wazazi, na ninyi wanafunzi, mwambiwapo, "Ndege haitaruka leo," msikasirike upesi. Huenda mtu mmoja amefanya kazi yake vema.

Mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Tumwombe atulinde. Lakini tusimwombe atuokoe na mzigo tuliouficha wenyewe.