Pango la Wazee na Swali la Mtoto

Sisi tukaao Voi huitazama milima ya Taita kila asubuhi, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuyaona mapango yake. Mimi ni karani mgeni, niliyeletwa hapa na kazi ya serikali, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuuliza habari zake. Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya siku mbili. Nikapanda gari la abiria hata Mwatate, kisha tukakwea barabara yenye kona nyingi mpaka Wundanyi. Joto la nyika tuliliacha chini. Huko juu tulikuta ukungu, migomba na mashamba ya mboga kwenye miteremko.

Mzee mmoja alikubali kunipeleka penye pango la ukoo wake, kwa sharti moja. "Mwanangu," akasema, "tazama kwa macho, lakini mkono wako usiguse kitu." Tukafuata kijia chembamba chini ya miti mikubwa, hata tukafika penye jabali lililoinama kama paa. Chini yake yalikuwa mafuvu ya watu, yamepangwa safu kwa safu. Katika shule ya misheni nalifundishwa kwamba mahali kama hapo ni pa giza. Hata hivyo nilivua kofia yangu bila kuambiwa.

Mzee akanieleza. Zamani mtu akifa alizikwa karibu na nyumba yake. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, fuvu lake lilifukuliwa kwa heshima, likawekwa pamoja na ya wazee waliotangulia. Mvua ikikawia, au ugonjwa ukiingia, wazee walikuja hapo wakapuliza pombe kwa vinywa vyao, wakiomba hasira itoke mioyoni mwa watu. Kufanya hivyo kuliitwa kutasa. Mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na kadiri dini mpya na shule zilivyoenea, desturi hiyo ilififia.

"Haya yetu yamebaki," akasema mzee. "Kwingine yalichukuliwa." Naye alisema kweli. Makumi ya mafuvu kutoka mapango ya Taita yalipelekwa Uingereza, yakahifadhiwa Cambridge. Mtaalamu aitwaye E. Kitson aliyapima, na uchunguzi wake ukachapishwa katika jarida la Biometrika mwaka 1931.

Siku ya pili nilizuru shule ya msingi iliyo karibu. Mwalimu aliniomba nizungumze na watoto. Niliwasimulia juu ya mapango ya Ajanta katika nchi ya India, ambayo watawa wa dini ya Buddha walianza kuyachonga katika mwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakapamba kuta zake kwa picha. Watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuyaona. Kisha nikauliza ni nani ajuaye pango la ukoo wake. Mikono miwili tu iliinuka, na wengine wakacheka kwa hofu.

Nikawaeleza habari za mafuvu yaliyokwenda ng'ambo. Darasa likanyamaza. Ndipo msichana mmoja akasimama, akauliza: "Je, wenyewe waliombwa ruhusa?" Mwalimu akanitazama mimi, nami nikatazama ubao.

Ndugu wasomaji, swali lile nimerudi nalo ofisini. Sisemi kwamba turudie ibada za zamani. Kila mtu ana dini yake. Lakini kumheshimu babu si kumwabudu. Mtu asiyejua alicho nacho hawezi kujua alichopoteza, wala hawezi kukidai. Wazee wanaozijua koo na mapango yake wanapungua kila mwaka, na wakiondoka, mafuvu yale yatakuwa mifupa isiyo na majina.

Kabla sijaondoka, mwalimu aliwapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize babu au bibi yake jina la pango la ukoo wao, aliandike daftarini. Yafaa nasi watu wazima tuifanye kazi hiyo.